Babu wa Orodha Zote na Posa ya Kokugonza

Vijana, nimestaafu. Kwa kuwa hakuna aliyeniajiri, hakuna aliyeniaga. Sherehe niliiandaa mwenyewe hapa nyumbani Kanoni: nikajisomea hotuba, nikajishukuru kwa utumishi uliotukuka, nikajipigia makofi, kisha nikachukua panga nikaenda kuondoa majani makavu migombani.

Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alichoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka kuuliza, tukaachana kwa amani. Tangu hapo nimepakia ndizi Isingiro, nimechoma matofali, nimetengeneza redio, nimeuza vocha za simu, na kila kazi niliiacha siku niliyoielewa. Hii ya kuandika programu za kurasa za mtandao ndiyo iliyonishika muda mrefu kuliko zote, kwa sababu kila nilipodhani nimeielewa, kuna mtu mahali fulani alikuwa ameibadilisha.

Na hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, nyinyi mnaojifunza JavaScript kwenye simu huku mmejilaza. Si jinsi ya kuandika programu. Hiyo mnaijua, na msiyoijua mtaiuliza mashine. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuandika programu itakayoishi nyumbani kwa watu wengine.

Maktaba ya programu ni kitu cha kuazimwa. Unaandika vitendo vyako vizuri, unavifunga pamoja, mwenzako anavichukua na kuviweka kwenye ukurasa wake. Yangu niliipa jina la Ngata, kama ile ya kuweka kichwani kabla ya kubeba mzigo. Ilikuwa ndogo na laini, nami niliipenda kupita kiasi. Shida ni kwamba ukurasani mle haikai Ngata peke yake. Anakaa mpangaji wa kalenda, anakaa wa matangazo, anakaa wa picha, na wote wanatumia vyombo vile vile vya jikoni. Mpangaji mmoja akitoboa sufuria, wote mnalala njaa.

Sufuria zenyewe ni vitu ambavyo lugha imezaliwa navyo. Orodha, maneno, namba, tarehe, vyote vimekuja na vitendo vyake tayari. Na sasa sikilizeni vizuri, maana bila hili mengine hayatawaingia: orodha zote katika ukurasa mmoja zina babu mmoja. Ukiiuliza orodha, "Je, unacho kitu hiki?", yenyewe haijui kujibu. Inakwenda kumuuliza babu. Na JavaScript, kwa ukarimu wake usio na akili, inamruhusu mtu yeyote aingie ukurasani amfundishe babu majibu mapya. Ukimbadilisha babu asubuhi, wajukuu wote wanatii, waliokwisha kuzaliwa na ambao bado.

Zamani tulimbadilisha kwa nia njema. Vivinjari, zile programu za kufungulia kurasa, vilikuwa vizee, babu hajui hili wala lile, kwa hiyo ukimkuta hajui unamfundisha. Tuliita kutia kiraka. Tatizo ni pale watu wawili wanapotia kiraka tundu moja, mmoja kwa kitenge na mwingine kwa gunia.

Nilikuwa nimefika Isingiro, sikumbuki nikielekea wapi, wakati kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa kilipokuwa na ukurasa wa majina ya wanachama. Kijana wao alimwongezea babu wa vitu vyote, mkubwa kuliko hata babu wa orodha, kitendo kipya alichokiita Safisha. Kilikuwa kitendo kizuri. Ila kuanzia siku ile kila ukurasa ulipopitia majina ya wanachama, mwishoni ulimtaja mwanachama mwingine, Safisha. Kila kijiji kilikuwa na Safisha wake. Safisha hakuja kikaoni, akaandikiwa onyo. Akaandikiwa onyo la pili. Katibu, mama mmoja mkali, akaniuliza, "Huyu Safisha ni wa kwa nani? Mbona hata shamba lake halionekani?" Nikamweleza kwamba si mtu, ni kitendo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi abaki. Ndiye pekee ambaye hajawahi kulalamika." Na mpaka naondoka Isingiro, walikuwa wanafikiria kumpa uongozi.

Dawa ya Safisha ni nyepesi. Ukipitia majina, kabla ya kulikubali kila jina uliza kama ni la kitu hicho chenyewe au kimelirithi kwa babu. Au tengeneza kitu kisicho na babu kabisa. Lugha inakuruhusu, na kitu kisicho na babu hakirithi ujinga wa mtu. Hilo nilifundishwa na Ma Adventina.

Ma Adventina alikuwa Mhaya wa Muleba, mwandishi wa programu aliyekuja Kayanga kikazi, akakodi chumba jirani na kibanda changu cha redio. Nilimuuliza maswali mpaka akanipa kiti. Alikuwa na tabia iliyonishangaza: akialikwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kinazungushwa na mrija wake, kila mtu ananyonya kwa zamu. Yeye anafungua mkoba anatoa mrija wake mwenyewe, wa tete, umefungwa kwenye leso safi.

Siku moja nikamuuliza, "Ma, huwaamini watu wa Karagwe?"

"Nawaamini sana," akasema. "Rubisi yao naipenda, mazungumzo yao nayapenda. Ila sijui mrija ule umepita kwa nani kabla yangu. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi nyonya wewe, nitakuja kukuona hospitali."

Kesho yake akanionyesha jambo lile lile kwenye kompyuta. Maktaba yako ikiingia ukurasani, kabla haijafanya lolote, ichukue nakala zake yenyewe za vitendo vyote itakavyovihitaji kutoka kwa babu akiwa bado mzima. Izifunge ndani, mahali ambapo mtu wa nje hafiki. Baadaye ukitaka kujua kama orodha ina kitu fulani, usiiulize orodha. Chukua nakala yako, ielekeze kwenye orodha hiyo, ijibu yenyewe. Hata kile chombo cha kuelekezea nacho kina babu, kwa hiyo kichukue mapema vile vile.

"Tembea na mrija wako," akasema. Nikaandika kwenye kiganja, nikanawa mikono, nikasahau.

Sikusahau kwa uzembe, nataka mnielewe. Nilisahau kwa furaha. Ngata ilikuwa inafanya kazi kila mahali, watu wananisifu, na mtu anayesifiwa hana nafasi ya kubeba mrija.

Sasa nije kwenye posa ya Kokugonza.

Kokugonza ni binti wa Mzee Bitegeko, jirani yangu hapa Kanoni. Mzee Bitegeko alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazee wa koo. Mnajua mila yetu, au pengine hamjui, ndiyo maana kamati iliundwa. Kila ukoo una muziro wake, mnyama au kitu ambacho wana ukoo hawali wala hawakigusi. Wenye muziro mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Vijana wamezaliwa mijini, wanakutana Mwanza, wanapendana, wanarudi nyumbani na kadi za harusi zimechapwa, ndipo bibi anapiga yowe. Wazee wakaona wawe na ukurasa wa mtandao. Unaandika jina la binti na la kijana, ukurasa unatazama miziro ya binti, wa kwa baba yake na wa kwa mama yake, unauliza kama wa kijana umo, unatoa jibu.

Ukurasa ule ulitengenezwa na Eladius, kijana mchapakazi na mwenye akili, aliyelelewa vizuri. Shikeni hilo la kulelewa vizuri. Kazi ya kulinganisha miziro aliiachia Ngata yangu.

Siku ya kupokea posa nilialikwa kama jirani. Mchumba alikuwa Deus, fundi seremala wa Songambele. Ndugu zake walikuwa wamekuja tangu asubuhi na mitungi ya rubisi, mbuzi, na vifurushi vya kahawa ya kutafuna. Kwa desturi ya nyumba ile mzigo wa posa unakaa nje ya uzio mpaka wenyeji waseme "ingizeni". Jua likizama ukiwa bado nje, wageni wanaubeba kurudi kwao, na mzigo uliobebwa kurudi haubebwi tena kuja. Kokugonza alijua hivyo. Deus alijua. Hata mbuzi nadhani walijua, maana walikuwa watulivu kupita kawaida.

Ndani, Mzee Bitegeko akasema neno fupi, "Tuhakikishe kwenye ukurasa, kisha waingie." Eladius akafungua kompyuta mezani. Akaandika majina. Ukurasa ukajibu kwa herufi nyekundu: "Wana muziro mmoja. Ndoa haiwezekani."

Kokugonza, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akaliweka chini taratibu.

"Rudia," Mzee akasema.

Eladius akarudia. Herufi nyekundu.

"Lakini Baba," Kokugonza akasema, "babu yake Deus si unamjua? Si ndiye mliyekuwa mnakunywa naye Nkwenda?"

"Namjua."

"Muziro wao nini?"

"Pongo."

"Na sisi?"

"Senene," Mzee akasema kwa huzuni, maana ukoo usiokula senene katika mkoa huu hujinyima sana. "Na mama yako, kambare."

"Pongo ni senene, Baba? Pongo ni kambare?"

"Mwanangu, ninayajua hayo yote. Lakini kompyuta imesema."

Vijana, nimeona mengi katika kuzurura kwangu, lakini sijaona kitu cha kutisha kuliko mzee mwenye kumbukumbu safi anayeinamia kioo. Mtu aliyejua koo za wilaya mbili mpaka vizazi vya nyuma alikuwa tayari kumrudisha mkwe mzuri Songambele, na roho ya bintiye pamoja naye, kwa sababu ya rangi nyekundu.

Mjomba wa Deus akachungulia dirishani. "Waitu, jamani, kuna tatizo huko ndani? Huku nje jua linasogea."

"Hakuna tatizo," Mzee akajibu. "Tunasubiri mtandao." Uongo huo siku hizi unaheshimika kila mahali.

Wote wakanigeukia mimi. Mzee Bitegeko akasema, "Fundi Kato, ile Ngata yako ndiyo inayolinganisha. Je, inakosea?"

"Haijawahi," nikasema, na nilisema kwa kifua.

Hapo ndipo Kokugonza alipofanya jambo ambalo mimi na Eladius, pamoja na ufundi wetu wote, hatukulifikiria. Akasogea mezani. "Eladius, futa majina yetu. Mwandike Baba na Mama."

"Koku!" Mzee akasema.

"Ni kujaribu tu, Baba."

Eladius akaandika. Sote tukainama. Herufi nyekundu: "Wana muziro mmoja. Ndoa haiwezekani."

Mama Kokugonza alikuwa jikoni. Aliposomewa, akatoka akifuta mikono kwenye kanga, akakitazama kioo, kisha akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi kofia.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza. Nipeni sanduku langu, narudi kwetu Kyerwa."

"Mama Koku, subiri kidogo, ni kompyuta..."

"Si ulisema kompyuta imesema? Ya binti imesema kweli, ya kwako imesema uongo?"

Mzee mmoja wa kamati, mnyoofu sana, akaanza kunong'ona kwamba kwa kosa kama hilo mwenyekiti mwenyewe alipaswa kutozwa faini ya fahali. Tangu hapo Mzee Bitegeko akawa mtafuta haki mwenye bidii kuliko sote. "Eladius! Kato! Mmefanya nini humu?"

Tukaketi. Nikaifungua Ngata, mstari kwa mstari. Ilikuwa inaiuliza orodha ya miziro ya binti swali moja tu, kwa kitendo cha lugha kinachoitwa includes, maana yake "je, kimo?" Majibu ya kitendo hicho ni mawili, kweli au si kweli, tangu kizaliwe. Nikamwambia Eladius aiulize orodha yenye senene na kambare kama ina pongo, nione jibu kwa macho.

Jibu likatokea: "bado".

Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. "Bado".

"Eladius, mwanangu. Hili neno limetoka wapi?"

Uso wake ukang'aa. "Ah, hilo! Ni langu, Mzee. Wiki hii wazee walilalamika. Walikuwa wakitafuta kama ukoo fulani umesajiliwa, ukurasa unawajibu hapana, kavu kabisa."

"Kama wanaongea na polisi," Mzee Bitegeko akadakia. "Nikamwambia kijana aliyelelewa hamjibu mzee hapana. Mtu akikuuliza umeoa, unasema bado. Umejenga? Bado. Umekwenda shule? Bado. Hata kama huna mpango."

"Nikaona nikibadilisha sehemu moja moja nitachelewa," Eladius akaendelea. "Nikaenda kwenye shina. Nikamfundisha babu wa orodha kwamba pale pote alipokuwa anasema si kweli, aseme bado."

Ilikuwa kazi safi, sitadanganya. Adabu iliyotiwa kwenye shina. Ila JavaScript haikulelewa Karagwe. Kwayo, neno lolote lililoandikwa, lisipokuwa tupu, ni sawa na kusema kweli. Kwa hiyo Ngata ikiuliza, "Je, pongo imo?" babu anajibu kwa upole, "Bado," na Ngata inasikia, "Ndiyo, imo." Wiki nzima hapakuwa na watu wawili duniani wasio ndugu. Ungeandika jogoo na baiskeli, ungeambiwa wana muziro mmoja.

"Ondoa adabu yako," nikamwambia.

"Usiondoe," Mzee akasema. "Wazee wameipenda."

"Basi Ngata iingie kwanza ukurasani, kabla ya faili lako, ichukue nakala ya babu akiwa mzima."

Mzee akatikisa kichwa. "Hilo faili ndilo lenye salamu. Salamu zinatangulia. Hatuwezi kuanza na kazi kabla ya shikamoo."

Nilitamani kulia. Nje, mjomba wa Deus alikuwa amesimama, anakunguta suruali yake kama mtu anayejiandaa kwa safari, na Kokugonza alikuwa amemwona. Alishika ukingo wa meza tu.

Hapo nikamkumbuka Ma Adventina na mrija wake, ila nilikuwa nimefika kwenye pombe mrija ukiwa umekwisha kupita midomo yote. Unachukuaje nakala safi kutoka kwa babu aliyekwisha kubadilishwa? Nikasema kwa sauti, "Tungempata babu mwingine ambaye hajaguswa..."

"Yupo," Eladius akasema.

"Yuko wapi?"

"Kwenye fremu, Mzee. Ukifungua ukurasa mdogo mtupu ndani ya ukurasa, unakuja na babu zake wenyewe. Mimi huko sijafika. Hakuna aliyefika."

Niliinuka nikampa mkono. Mimi na Ngata yangu na kifua changu, sikuwa nimelifikiria. Tukafungua fremu tupu, tukamwomba babu wa huko kitendo chake cha "je, kimo?", tukakifunga ndani ya Ngata mtu wa nje asikifikie. Kisha tukaiambia Ngata isilegeze sikio: ikubali muziro ni mmoja pale tu inapopewa jibu la kweli lenyewe, si kitu chochote kinachofanana nalo. Adabu ya Eladius tukaiacha pale wazee wanaposoma, mahali inapofaa, kwenye kioo.

"Haraka, waitu," Kokugonza akasema.

Mara ya kwanza Eladius alikosea kuandika, ukurasa ukawa mweupe. Mara ya pili ukafunguka. Akaandika Kokugonza na Deus.

Herufi za kijani: "Miziro yao ni tofauti. Ndoa inawezekana."

Kokugonza alikaa kwenye kiti cha karibu, na kiti hicho kilikuwa kimekaliwa na mzee mnyoofu wa faini. Mimi nilishaanza kutembea kwenda mlangoni kuita wageni, lakini Mzee Bitegeko akanishika shati.

"Ngoja. Kwanza mtuandike sisi."

"Baba, jua!" Kokugonza akasema.

"Mzazi asiye na ndoa anapokeaje posa?"

Eladius akaandika. Nimeona watu wakisubiri matokeo ya mtihani, nimeona wakisubiri daktari, lakini sijaona mtu akisubiri kama Mzee Bitegeko alivyoisubiri ndoa yake aliyokaa nayo mpaka mvi. Kijani. Ndoa inawezekana. Akashusha pumzi, akavua kofia, akamgeukia mkewe kwa tabasamu la bwana harusi.

"Umeona, Mama Koku? Kompyuta imekubali."

Mama akalitazama jibu lile, akajifunga kanga vizuri, akachukua sinia la vikombe pale chini.

"Kompyuta imekubali," akasema. "Mimi bado."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Mzee mwenyewe akacheka mpaka kofia ikaanguka. Watu wa Songambele kule nje hawakusikia nani amesema nini. Walisikia kicheko tu, na kicheko cha namna ile mtu hahitaji kutafsiriwa. Wakabeba mitungi wakaingia bila kungoja kuambiwa "ingizeni", mbuzi mbele, jua likiwa limebaki juu ya migomba kimo cha mtu.

Kibuyu kilipoanza kuzunguka na mrija wake, mjomba wa Deus akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikamshukuru. Nikaenda nyuma ya jiko, nikakata tete, nikalipuliza, nikarudi nikaketi nao.